Tukipima viwanja tutazame na juu

Nina dukuduku juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo ni kelele za ndege zinazopita juu ya makazi ya watu, na hasa juu ya shule. Najua barua yangu ni ndefu. Nimejaribu kuifupisha mara mbili, nikaona nikikata zaidi nitabakiza malalamiko bila sababu zake, na malalamiko ya namna hiyo tunayo ya kutosha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masaki, wilaya ya Kisarawe. Nasema ya Kisarawe kwa sababu kila nikitaja Masaki nikiwa Dar es Salaam watu huanza kunitazama viatu, wakidhani natoka ile Masaki ya pwani wanakokaa mabalozi. Masaki yetu ni ya mikorosho na mihogo. Ndege ziendazo Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere twaziona zikipita juu sana, na watoto wa darasa la kwanza huzipungia mikono. Hapa kwetu hazijawa kero, wala sitatia chumvi niseme zimekuwa. Ninaandika kwa sababu ya niliyoyaona karibu zaidi na uwanja, na kwa sababu mji unakuja huku kwetu kwa kasi. Kila mwezi shamba moja la mikorosho linakatwa vipande na kuwekewa vigingi vya viwanja.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, zaidi ya miaka kumi iliyopita, nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja karibu na uwanja ule. Jina la shule silitaji, kwa kuwa walimu wake walinipokea vizuri. Nilipewa darasa la pili, watoto 94 katika chumba kimoja, madirisha ya nondo bila vioo, na juu bati tupu bila dari. Somo langu la kwanza lilikuwa imla. Nilisimama mbele nikasoma kwa sauti, "Mkulima alivuna mpunga." Kabla sijamaliza sentensi ndege ikapita, na mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu. Jioni nilipokusanya madaftari nikakuta watoto wa madawati ya mbele wameandika sawa, na wa nyuma karibu wote wameandika "Mkulima alivua mpunga." Kwanza nilicheka. Kisha nikashika kalamu nyekundu, nikaona siwezi kumkosesha mtoto aliyeandika kile alichokisikia.

Mwalimu niliyewekwa chini yake, mama mmoja aliyekuwa karibu kustaafu, alikuwa na desturi yake. Akisikia ndege inakuja huinua mkono, na watoto wote 94 huweka kidole mdomoni. Ndege ikishapita anashusha mkono na kurudia sentensi tangu mwanzo. Aliniambia, "Mwanangu, usishindane nayo. Utamaliza sauti kabla ya likizo." Nilimfuata, lakini kwa kuwa napenda hesabu nikaanza kuweka alama pembeni mwa andalio la somo kila tuliponyamaza. Siku iliyozidi zote nilipata alama 11 kati ya kengele ya kwanza na ya mwisho. Kila kimya kilichukua kama sekunde 40. Zikijumlishwa ni dakika saba na sekunde chache tu kwa siku nzima.

Mtu atasema, dakika saba ni kitu gani? Hata mimi nilijiuliza hivyo. Lakini dakika zile hazikuja pamoja ili tuzihesabu kuwa ni mapumziko. Zilikuja katikati ya sentensi, katikati ya silabi, wakati mtoto anajaribu kuunganisha "m" na "ba" apate "mba". Mtoto anayejifunza kusoma akikatizwa hapo hurudi nyuma, na akirudishwa nyuma mara nyingi huacha kujaribu. Walimu wenzangu wa madarasa ya chini, wa K.K.K., wananielewa vizuri.

Pengine ningeyasahau haya kama si mdogo wangu wa kike. Miaka mitatu iliyopita yeye na mumewe walinunua kiwanja upande wa Pugu. Mimi kaka mtu, kwa kuwa ni msomi wa ukoo, ndiye niliyetakiwa kwenda naye kukikagua. Nilikagua kila kitu. Nilitazama maji yanakotelemkia wakati wa mvua, nikauliza kisima kiko wapi, nikawauliza majirani wawili kama kuna mgogoro wa mpaka. Dalali alitupeleka saa tano asubuhi, hewa imetulia, ndege wa mbinguni tu wakilia mitini. Karatasi ya mauziano ikapigwa muhuri ofisi ya serikali ya mtaa, ada ikalipwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyesema neno juu ya ndege. Nami niliyewahi kuweka alama 11 katika andalio la somo sikufikiri kuuliza.

Nyumba ilipokwisha nilikwenda kulala kwao. Baada ya saa sita usiku ikapita ndege kubwa, mwanangu mdogo wa dada akaamka akilia. Alipopata usingizi ikapita nyingine. Shemeji yangu ni fundi wa ujenzi, huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi aliniuliza kwa upole, "Kaka, wewe hukujua?" Nikamjibu kuwa sikujua, na jibu hilo linanikera hadi leo, maana nilikuwa nimejua.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za jambo hili, na napenda wasomaji wenzangu nao wajue niliyoyapata, kwa sababu wengi husema watu huzoea kelele. Ni kweli masikio huzoea. Lakini kichwa cha mtoto hakizoei.

Mji wa Munich huko Ujerumani ulifunga uwanja wake wa zamani mwezi Mei 1992 na kufungua mwingine mpya mahali pengine. Wataalamu walikuwa wamewahi. Waliwapima watoto waliokaa karibu na uwanja wa zamani na wale wa karibu na uwanja mpya, kabla ya kuhama na baada ya kuhama. Watoto wa uwanja wa zamani, waliokuwa nyuma katika kusoma na kukumbuka, walianza kupata nafuu ndege zilipoondoka. Wale wa mahali papya, ambao mwanzo walikuwa sawa na wenzao, wakaanza kurudi nyuma. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Mwaka 2005 ukatoka uchunguzi mwingine mkubwa zaidi, wa watoto 2,844 wa umri wa miaka 9 hadi 10 katika shule 89 zilizo karibu na viwanja vikubwa vya Uingereza, Uholanzi na Hispania. Kwa kila ongezeko la desibeli 5 za kelele za ndege shuleni, watoto wa Uingereza walichelewa katika kusoma kwa kiasi cha miezi miwili, na wa Uholanzi mwezi mmoja. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na ongezeko la desibeli 10 sikio hulisikia kama sauti imekuwa mara mbili. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya, lilishauri kelele za ndege kwenye makazi zisizidi wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima, na 40 usiku.

Sasa Ndugu Mhariri, niseme wazi ili nisieleweke vibaya. Sipingi ndege. Mimi ni katika wale waliofurahi shirika letu la Air Tanzania lilipoanza kufufuliwa mwaka 2016, na jengo la tatu la abiria lilipofunguliwa mwezi Agosti 2019, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka. Tena ndege za siku hizi zina nafuu. Wazee wanaozikumbuka zile Boeing 737-200 za shirika la ATC watakubali kwamba Airbus A220 inayopita leo ni kama inanong'ona ukiilinganisha nazo. Lakini ndege moja inayonong'ona si sawa na ndege nyingi zinazonong'ona mchana na usiku. Uwanja ulijengwa ili ndege ziongezeke, na zitaongezeka. Kwa hiyo swali si kama tuzitake au tusizitake. Swali ni nani anakaa chini yake, na nani alimweka pale.

Hapa ndipo serikali za mitaa zinapoingia, na hapa ndipo naona tunajidanganya. Nimewahi kumsikia kiongozi mmoja wa mtaa akiwaambia wananchi waliolalamika, "Hayo ni mambo ya TCAA, sisi hatuna mamlaka na anga." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Anga haiko chini ya diwani. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani TCAA, ndiyo inayosimamia ndege zipite vipi, na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA, ndiyo inayoendesha uwanja. Huko Marekani mji wa Burbank katika jimbo la California ulijaribu kutunga sheria ndogo ya kuzuia ndege za jeti zisiruke kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi nzima mwaka 1973, na mji ukashindwa kwa kura tano dhidi ya nne. Majaji walisema ruhusa ya kuruka ni ya serikali ya taifa, na miji haiwezi kila mmoja kujitungia ratiba yake. Nami naona walikuwa na haki. Fikiri kila kata kutoka Pugu hadi Masaki ingekuwa na saa zake za kupitisha ndege!

Lakini ipo kesi nyingine ya huko huko, ya mwaka 1946, ambayo wafugaji wetu wa Kisarawe wataipenda. Bwana mmoja aitwaye Thomas Lee Causby alikuwa na banda la kuku karibu na uwanja wa ndege wa Greensboro, jimbo la North Carolina. Wakati wa vita ndege za kijeshi zikaanza kupita juu ya shamba lake kwa urefu wa futi 83 tu, kama mita 25. Kuku walishikwa na hofu, wakawa wanaruka na kujigonga ukutani. Siku nyingine walikufa sita, siku nyingine kumi, mpaka wakafika kama 150, na biashara yake ikafa pamoja nao. Mahakama ilisema ule msemo wa kale kwamba mwenye ardhi anamiliki mpaka mbinguni hauna nafasi tena katika dunia ya ndege. Hata hivyo ikasema ndege zikipita chini kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kuitumia ardhi yake, serikali imeitwaa ardhi hiyo na inapaswa kumlipa. Basi anga ni ya wote, lakini anayekaa chini yake ana haki zake.

Na ardhi ya chini, Ndugu Mhariri, ni ya nani kuipanga? Ni ya serikali za mitaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kusimamia ardhi ya kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaipa halmashauri hiyo hiyo kuandaa mpango wa matumizi, na mkutano mkuu wa kijiji kuukubali au kuukataa. Mijini ipo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka huo huo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaruhusu kijiji kutunga sheria ndogo, zikipata kibali cha halmashauri ya wilaya. Hata kelele zenyewe zina sheria, maana chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitungwa kanuni za kelele na mitetemo mwaka 2015. Tumezisikia zikitumika kwa baa na vipaza sauti. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipokubaliana mwaka 2001 namna ya kupunguza kelele lilitaja mambo manne, nayo ni kutengeneza ndege zisizo na kelele nyingi, kupanga ardhi inayozunguka uwanja, kubadili namna ya kupaa na kutua, na mwisho kabisa kuweka vizuizi vya safari. Hilo la pili haliko mikononi mwa marubani. Liko mikononi mwa mtu anayegonga muhuri kwenye karatasi ya kiwanja.

Tukishindwa hapo gharama yake tunaijua, wala hatuhitaji kwenda Ulaya kuitafuta. Uwanja ulipohamia pale ulipo sasa, miaka ya 1950, ulikuwa nje ya mji. Nyumba zikaufuata. Mwaka 1997 wananchi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni wakafanyiwa tathmini ili wahame kupisha upanuzi. Wa Kipawa walihamishwa mnamo mwaka 2010. Wa Kipunguni walikaa zaidi ya miaka 20 wakisubiri malipo, hawawezi kujenga, hawawezi kukarabati, watoto wakizaliwa na kukua ndani ya nyumba zilizokwisha andikwa kuwa za kubomolewa. Jambo lile lilihusu ardhi zaidi kuliko kelele, lakini mzizi ni mmoja. Watu waliachwa kwanza wajenge, ndipo ramani ikaletwa. Mbeya walifanya vizuri zaidi walipouacha uwanja wa zamani uliokuwa umezingirwa na mji na kuanza kutumia Songwe mwaka 2012, na Dodoma ilipotaka uwanja mpya palichaguliwa Msalato, nje ya mji. Nawaombea wenzetu wa huko wasije wakauza viwanja hadi ukingoni mwa njia ya kurukia, maana Dar es Salaam nayo ilianza hivyo hivyo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Niliifanya ubaoni na darasa la saba. Ndege inayokuja kutua hushuka kwa mteremko wa kama digrii tatu, yaani kwa kila kilomita moja ya ardhi inashuka kiasi cha mita 52. Mwenye nyumba iliyo kilomita 4 kutoka inapogusa chini, katika mstari wa kutua, ndege inampitia kama mita 200 juu ya bati lake. Kilomita 10, mita 500 na ushei. Kilomita 20, zaidi ya mita 1,000. Na kwa kuwa ndege hutua ikiukabili upepo, upepo ukitoka baharini huja kutua zikitokea upande huu wetu wa Pugu na Kisarawe. Kwa hiyo anayetaka kujua kelele zitaangukia wapi anahitaji rula, ramani na ukweli kutoka kwa wenye uwanja. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa kwa nini watu wanajenga hapo kilomita nne?" Nilimwambia nitamjibu kesho. Bado ananidai.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe, na kwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo yenye eneo lililokuwa la Manispaa ya Ilala, ni kwamba waombe ramani ya mistari ya kutua na kupaa kutoka TCAA na TAA, waitie katika Kiswahili chepesi, na ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya kata, kijiji na mtaa iliyo chini ya mistari hiyo. Gharama yake ni karatasi na gundi. Kisha itungwe sheria ndogo kwamba hakuna muhuri wa mauziano utakaogongwa kabla mnunuzi hajaonyeshwa ramani na kutia sahihi kuwa ameiona. Anayetaka kununua baada ya hapo anunue, ni haki yake. Kuna watu wanalala fofofo hata jirani akipiga ngoma. Lakini asidanganywe kwa kupelekwa saa tano asubuhi.

Chini ya mstari wenyewe, pale kelele zinapozidi, ardhi isiwe bure. Mikorosho haisikii. Maghala, gereji, mashine za kukoboa, stendi za magari na masoko vinaweza kukaa pale bila mtu kudhurika sana. Kinachotakiwa kukwepeshwa ni shule, zahanati na nyumba za kulala. Kilomita moja pembeni ya mstari, karibu na uwanja, inaweza kuwa tofauti kubwa, na shule haigharimu zaidi kwa kujengwa kilomita moja pembeni, ikiwa uamuzi umefanywa kabla ya kuchimba msingi.

Na kwa shule zilizokwisha jengwa hatuwezi kuzibeba kichwani. Zipatiwe dari. Najua kuna watakaosema dari ni anasa wakati watoto wanakaa chini, nami nimefundisha watoto waliokaa chini, sikatai. Lakini sikilizeni habari ya shule moja ya New York ambako treni ilipita juu ya daraja la chuma karibu kabisa na madirisha. Mama mmoja msomi, Arline Bronzaft, alilinganisha watoto wa madarasa yaliyoelekea reli na wale wa upande wa pili wa jengo hilo hilo. Mwaka 1975 alionyesha kuwa wa upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma, na waliofika darasa la sita walikuwa nyuma karibu mwaka mzima. Wenye treni wakaweka mipira chini ya reli, wenye shule wakaweka dari za kunyonya sauti. Alipowapima tena, matokeo yakatoka mwaka 1981, tofauti haikuwapo. Treni iliendelea kupita kama kawaida. Abiria wanaotumia uwanja wetu hulipa ada ndani ya tiketi zao, na madiwani na wabunge wa maeneo haya wangeweza kudai sehemu ndogo ya ada hiyo ilipie mbao na silingibodi za madarasa yaliyo chini ya mstari. Shule zinazohusika nazo ziweke daftari, kama nilivyofanya mimi, la saa na idadi, ili diwani akienda kuomba asiende na maneno matupu.

Sasa nirudi nyumbani Masaki. Kijiji chetu kinazungumzia mpango wa matumizi ya ardhi, na pamoja na mengine tunatafuta mahali pa kujenga shule shikizi ili watoto wa vitongoji vya mbali wasitembee mwendo mrefu. Katika kikao cha awali nilisimama nikaomba tutazame pia mistari ya ndege kabla ya kuchagua. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyenifundisha hata kupanda korosho, akasema, "Mwalimu, sisi tulilia miaka yote tuletewe maendeleo. Sasa maendeleo yanapita juu unataka kuyafukuza?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikamwambia, "Babu, sitaki kuyafukuza. Nataka tu mtoto asikie anachofundishwa." Akanyamaza kidogo, akasema kwamba ndege za Masaki ziko juu, hazimdhuru mtu.

Ni kweli, na kwa leo yeye ndiye aliyeshinda. Kwa umbali wetu kelele ni ndogo, na pengine shule hiyo ikijengwa popote hapa kijijini haitapata shida hata kidogo. Lakini kati yetu na uwanja kuna vijiji na mitaa mingine inayofanya vikao kama chetu, inayotafuta mahali pa shule kama sisi, na mimi sijasikia hata kimoja kilichokuwa na ramani ile mezani. Uwanja ule unaitwa kwa jina la mwalimu aliyefundisha Pugu hadi mwaka 1955, naye alijiuzulu ualimu ili aingie katika siasa. Sisi tuliobaki na chaki tunaomba ramani tu.

Mkutano mkuu wa kijiji utakuwa baada ya mavuno. Nimeshamwandikia mtendaji wa kata barua ya kuomba tupate ramani hiyo kabla ya siku hiyo, na nakala nimeipeleka wilayani. Mdogo wangu naye ameanza kuweka akiba ya silingibodi, chumba cha watoto kwanza, na mimi nimeahidi kununua nusu. Ile shule ya darasa la watoto 94 nilipita wiki mbili zilizopita nikienda mjini. Dari bado haijawekwa.

Mwalimu,
Masaki, Kisarawe.